Sura ya Sita: Talanta Elfu Kumi

Petro alitaka idadi. Alimwuliza Yesu ndugu yake akimkosea amsamehe mara ngapi, na kabla hajajibiwa akataja mwenyewe kiwango alichokiona kikubwa: mara saba. Tusimcheke. Wengi wetu uvumilivu huishia kwenye kosa la pili. La tatu tunamsimulia kila jirani. Jibu alilopewa, lile la saba mara sabini, tumelizoea mno makanisani hata halimshtui mtu. Kwa Petro, nyuma ya jibu hilo kulikuwa na sauti ya mtu mwingine. Katika sura ya nne ya Mwanzo yumo Lameki, wa uzao wa Kaini, anayewaita wake zake wawili, Ada na Sila, na kujigamba mbele yao kwamba ameua mtu aliyemjeruhi tu, na kwamba ikiwa kisasi cha Kaini kilikuwa mara saba, chake kitakuwa sabini na saba. Hesabu ya Yesu imechotwa humo. Lameki aliitumia kutangaza kwamba damu haitakoma kumwagika; Yesu akaichukua ileile na kuifanya kipimo cha msamaha. Tangu mwanzo, basi, swali lilikuwa tunaishi chini ya utawala upi: ule wa Lameki, ambao kila kosa hudai fidia kubwa kuliko lenyewe, au ule aliokuwa akiutangaza Yesu tangu aliposimama Galilaya na kusema kwamba ufalme wa Mungu umekaribia.

Ndiyo maana hakuishia kwenye idadi. Akatoa mfano wa mfalme aliyeamua kukagua hesabu za watumishi wake, na hapo tunahitaji kukaa kidogo, kwa sababu mfano huu hausomeki vizuri bila kupiga hesabu.

Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Talanta moja ilikuwa dinari 6,000. Mtumishi wa kwanza alidaiwa talanta 10,000, yaani siku milioni 60 za kazi. Kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka angelimaliza deni hilo baada ya miaka 200,000, tena kama hali wala havai. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne hiyohiyo ya kwanza, ameandika kwamba Herode Antipa, mtawala wa Galilaya na Perea, alipata talanta 200 kwa mwaka kutoka maeneo yote mawili. Yesu alikuwa Kapernaumu aliposema maneno haya. Wasikilizaji wake walikuwa wavuvi na wakulima waliokamuliwa ili hizo talanta 200 zipatikane, na sasa wanaambiwa habari za mtu mmoja anayedaiwa kodi ya nchi yao yote ya miaka 50.

Mtumishi wa pili alidaiwa dinari 100. Hapa wahubiri wengi huteleza, wakasema lilikuwa deni la visenti. Halikuwa. Dinari 100 ni karibu miezi minne ya kazi. Tuseme kibarua wa leo wa Mwanza au Morogoro anapata shilingi 10,000 kwa siku: amedhulumiwa milioni moja. Hiyo ni ada ya mtoto, ni mabati ya nyumba, ni matibabu ya mama aliyelazwa. Kwa kiwango hichohicho deni la kwanza ni shilingi bilioni 600. Yesu angeweza kutaja dinari moja, na mfano ungekuwa rahisi kuliko huu. Alichagua kiasi kinachouma. Anajua kwamba uliyotendewa si madogo: aliyekutoroka na mtaji wa biashara, aliyekuvunjia ndoa, aliyekuzulia neno kazini hadi ukafukuzwa, wote hao wamechukua kitu chenye thamani, na mwalimu yeyote anayeanza somo la msamaha kwa kukuambia kwamba kosa lenyewe si kitu anakupotosha.

Sasa angalia mtumishi yule wa kwanza aliomba nini. Alianguka kifudifudi, na alichoomba ni muda. Aliahidi kulipa yote. Mtu mwenye deni la miaka 200,000 anaomba apewe nafasi! Mfalme alimhurumia akampa kitu ambacho hakukiomba kabisa, akalifuta deni lote. Nimesoma mfano huu miaka mingi, na naamini ufunguo wake umelala hapo. Mtumishi alitoka barazani akiwa amesamehewa, ila kichwani mwake bado alikuwa mtu anayetafuta pesa za kulipa. Hakuamini. Alisikia msamaha kama ahueni ya muda tu, ndiyo maana alipokutana na mwenzake njiani mikono ilikwenda moja kwa moja shingoni. Mwenzake akaomba kwa maneno yaleyale aliyoyatumia yeye muda mfupi uliopita, na hakuyatambua. Alikuwa amefutiwa deni na utawala mpya, naye akaendelea kuishi chini ya ule wa zamani, ambao watu wote ni wadai au wadaiwa.

Waliomsikiliza Yesu hawakuhitaji kueleweshwa ukatili wa utawala huo. Torati iliagiza, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 15, kwamba kila mwaka wa saba madeni yafutwe. Lakini wenye fedha walikuwa wakikataa kukopesha mwaka huo ulipokaribia, na mwalimu mkuu Hileli, kwa nia ya kuwasaidia maskini wapate mikopo, akaweka utaratibu wa hati iliyowezesha deni kudaiwa hata baada ya mwaka wa saba. Nia ilikuwa njema, ila njia ya kutokea ikazibwa. Mwaka 66, kama kizazi kimoja baada ya Yesu, uasi dhidi ya Roma ulipolipuka Yerusalemu, waasi walichoma moto nyumba ya kuhani mkuu Anania, wakachoma jumba la Agripa na Bernike, kisha wakaenda kwenye jengo la kuhifadhia hati na kuziteketeza hati za wakopeshaji. Yosefo anaeleza kwamba walitaka kuwavuta wadaiwa wawaunge mkono. Yeyote aliyewahi kuingia kwenye mikopo ya kausha damu, akaona kitanda na jiko vikibebwa na watu wa marejesho mbele ya watoto, anaelewa kwa nini watu walishangilia moshi ule.

Yerusalemu ilijaribu kufuta deni kwa moto, na ndani ya miaka minne mji wenyewe ukawa majivu. Mfalme wa kwenye mfano alilifuta kwa njia nyingine: alikubali hasara. Talanta 10,000 hazikuyeyuka, zilitoka kwenye hazina yake. Kila aliyesamehe kwa kweli anajua gharama hiyo, kwamba ile milioni moja hairudi, na kwamba aliyeamua kutoidai amekubali pengo libaki upande wake. Imani ya Kikristo inasema Mungu hakutusamehe kwa kupuuza tu. Hasara aliibeba mwenyewe, msalabani, nje ya ukuta wa mji huohuo.

Nataka nimlete hapa mtu aliyeujua mfano huu kwa mwili wake.

Festo Kivengere alizaliwa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji, na aliokoka katika uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu wa uamsho huo, ambao huku kwetu tumewaita walokole, walikuwa na desturi iliyowashangaza hata wamisionari: aliyetubu alitaja dhambi yake mbele ya wenzake, na kama aliiba alirudisha. Ng'ombe walirudishwa. Vifaa vya serikali vilirudishwa kwa maofisa waliokuwa hawajui hata kama vimepotea. Kivengere mwenyewe alisimulia kwamba baada ya kuokoka alisukumwa moyoni kumwendea Mwingereza mmoja aliyemchukia, akapanda baiskeli, akaenda kumwomba radhi kwa chuki aliyokuwa nayo. Fikiria ni wakati gani huo. Mkoloni ndiye mwenye nguvu, na Mwafrika ndiye anayepiga pedali kwenda kuomba radhi. Wako watakaosema huo ni unyonge, lakini maisha yake ya baadaye hayawaungi mkono. Alikwenda Dodoma kufundisha, alikaa miaka mingi, Kiswahili kikawa chake, na mwaka 1960 Billy Graham alipokuja Tanganyika, Kivengere ndiye aliyemtafsiria. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi, wakati Idi Amin ameshika nchi.

Februari 10, 1973, watu watatu walipigwa risasi hadharani uwanjani Kabale, mji wa dayosisi yake. Kivengere aliomba ruhusa ya kuzungumza nao kabla hawajafa, akapewa, akasimama mbele yao na mbele ya bunduki. Mnamo Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Amin barua kulalamikia mauaji na uonevu. Siku chache baadaye, Februari 16, Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, waliuawa, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Kivengere na mkewe Mera walipata habari kwamba wanatafutwa. Walivuka milima kwa miguu, usiku, hadi Rwanda.

Aliyokuwa nayo moyoni katika wiki zilizofuata hakuyaficha. Alikiri kwamba uchungu dhidi ya Amin ulimkausha, na kwamba alijisikia akikauka hata alipohubiri. Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa ibadani London, akisikiliza habari ya Yesu kuwaombea msamaha waliompigilia misumari, na swali likamwingia: kama Amin angekuwa miongoni mwa askari wale, je, Yesu angemruka katika maombi yake? Alijua jibu. Mwaka huohuo kikatoka kitabu chake ambacho jina lake tu liliwakera wengi, kwa kuwa lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin.

Mambo mawili katika kisa hiki hayasemwi vya kutosha. La kwanza ni kwamba Amin hakuomba msamaha. Alipinduliwa Aprili 1979, akaishi uhamishoni, akafa Jeddah mwaka 2003 bila kufikishwa mahakamani, miaka 15 baada ya Kivengere mwenyewe kufariki. Kupatana kunahitaji watu wawili, na hawa wawili hawakupatana kamwe. Hata hivyo askofu alikuwa ameshatoka kwenye daftari la madeni. La pili, na hili nataka lisomwe polepole: Kivengere alisamehe akiwa ng'ambo ya mpaka. Hakurudi Kampala kumkabidhi Amin shingo yake ili athibitishe kwamba amesamehe kweli. Alirudi Amin alipoanguka.

Nasisitiza hili kwa sababu ya yanayotendeka katika ofisi zetu za kanisa. Mama anakuja asubuhi, uso umevimba, kitenge amekivuta hadi kwenye jicho. Anasikilizwa kwa upole. Kisha anaambiwa: "Mama, samehe. Nyumba isivunjike. Saba mara sabini." Anarudi nyumbani na maneno ya Yesu yakiwa yamegeuzwa kamba ya kumfungia palepale anapopigwa. Binti aliyeguswa vibaya na mwalimu wa kwaya anaambiwa jambo lisitoke nje, litaharibu jina la usharika. Wahenga walikuwa na msemo kwa mambo ya namna hii, funika kombe mwanaharamu apite, na makanisa mengi yanaufuata msemo huo huku yakidhani yanaifuata Injili.

Rudi kwenye Mathayo 18 uisome tangu mwanzo. Kabla Petro hajauliza swali lake, Yesu ameweka mtoto katikati yao na kusema kwamba anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa ni afadhali afungiwe jiwe la kusagia shingoni na kutoswa baharini. Kisha ameeleza utaratibu: ndugu akikukosea, nenda umwambie ninyi wawili, asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili wawe mashahidi, asiposikia, liambie kanisa, na asipolisikia hata kanisa, basi awe kama mtu wa nje. Swali la mara ngapi linakuja baada ya hayo yote. Msamaha wa ufalme wa Mungu unasimama juu ya ukweli uliosemwa, mbele ya mashahidi, na kumlinda mdogo kukitangulia. Mchungaji aliyeielewa sura hii atamsindikiza yule mama polisi kwenye dawati la jinsia, atahakikisha amepata fomu ya PF3 na kutibiwa, atamtafutia mahali pa kulala, na mazungumzo ya kusamehe atayaacha yasubiri mpaka mama awe salama na ayaanze mwenyewe. Mpaka wake, tofauti na ule wa Kivengere, unaweza kuwa wa kudumu.

Rwanda ndiko mambo haya yalikopimwa kwa mizani ya kutisha. Nchi iliyouona uamsho wa Gahini ndiyo iliyoona, kati ya Aprili na Julai 1994, watu waliobatizwa wakiwaua waliobatizwa. Waliokimbilia makanisani, Ntarama, Nyamata, Nyange, waliuawa humohumo. Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga Watutsi wapatao 1,500 wakiwa ndani, na padri wa parokia, Athanase Seromba, alipatikana na hatia katika mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha. Rufaa ya mwaka 2008 ikamfunga maisha. Sioni namna ya kuandika kuhusu msamaha wa Kikristo Afrika Mashariki na kupita pembeni ya Nyange. Kanisa lililozoea kutubu dhambi za mtu mmojammoja, uongo, ulevi, wizi wa jembe, halikuwa limejifunza kutubu dhambi ya kugawa watu kwa makabila, ambayo ilikuwa imeandikwa hadi kwenye vitambulisho. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi mwaka 2016. Machi 2017 Papa Francis naye akaomba msamaha kwa Mungu kwa dhambi za kanisa katika mauaji yale.

Mahakama za gacaca zilisikiliza kesi karibu milioni mbili hadi zilipofungwa mwaka 2012, watu wakikaa nyasini mbele ya majirani zao. Zilikuwa na kasoro nyingi, na waliolaumu walikuwa na hoja. Lakini mshitakiwa aliyetaka kupunguziwa adhabu alipaswa kusema alichofanya, alikifanya na nani, na miili ilitupwa wapi. Kwa mjane aliyekuwa hajui mume wake amelala shimo gani, hilo la mwisho lilikuwa jambo kubwa. Leo katika kijiji cha Mbyo, wilayani Bugesera, walionusurika na waliokuwa wakiua wanaishi nyumba jirani, walizozijenga pamoja. Sitathubutu kumwambia mnusurika yeyote kwamba anapaswa kuhamia huko. Ninachokiona Mbyo ni kwamba wale waliosamehe walikuwa wametajiwa deni kwanza, kwa majina na kwa mahali.

Hasira itarudi. Mjane anaweza kusamehe Jumapili, na Jumatano akapishana sokoni na yule mtu amevaa koti linalofanana na la marehemu, kila kitu kikaanza upya. Nadhani Petro alidhani saba ni makosa saba tofauti. Wengi wetu tunaitumia idadi yote ile kwa kosa moja: tunalisamehe asubuhi, tunalikuta limerudi mchana, tunalisamehe tena. Anayepita hapo asijione mnafiki. Sala aliyotufundisha Bwana imeweka ombi la msamaha sambamba na ombi la chakula cha kila siku, na yote mawili huisha na kuombwa tena kesho.

Kuna jambo moja zaidi katika mfano ambalo hupitwa haraka. Watumishi wengine waliona. Waliona mwenzao akikabwa na kutupwa gerezani, wakahuzunika, wakaenda kumweleza mfalme. Bila hao, mdaiwa wa dinari 100 angeozea ndani na habari ingeishia hapo. Ufalme wa Mungu una majirani.

Barua fupi kuliko zote tulizonazo za Paulo inaonyesha kazi ya majirani hao. Ina aya 25 tu, aliiandika akiwa kifungoni, kwa ajili ya Onesimo, mtumwa aliyemtoka bwana wake Filemoni. Tunaisoma kama barua ya siri kati ya marafiki wawili, lakini salamu zake zinawataja pia Afia, Arkipo na kanisa lililokutana nyumbani kwa Filemoni, kwa hiyo ilisomwa mbele ya wote, na Onesimo huenda alikuwa amesimama mlangoni. Paulo hasemi kwamba hakuna deni. Anasema kama Onesimo amemdhulumu au anadaiwa chochote, kiandikwe kwenye hesabu yake yeye Paulo, na anachukua kalamu mwenyewe kuthibitisha kwamba atalipa. Anataka Onesimo apokewe kama ndugu, kama ambavyo angepokewa Paulo mwenyewe. Kisha, kabla ya salamu za mwisho, anamwomba Filemoni amwandalie chumba, kwa sababu anatumaini kuja.